Siku nne Florida: chini ya kasri, kisha Lamu ya saruji

Nayaandika haya nikiwa nyumbani Marietta, Georgia, wiki moja baada ya kurudi. Nimeyakusanya kutoka kwenye daftari lililolowa mvua na picha zaidi ya mia mbili za simu, nyingi zikiwa za kuta. Mke wangu alizipitia akaniuliza, "Mlikwenda kutembea au kukagua nyumba?" Haki yake. Baba yangu ni mwashi Lamu, mtaa wa Langoni, na mimi hapa Marekani nafunga jipsam. Niweke mbele ya bahari na ukuta, nitautazama ukuta kwanza.

Chanzo cha safari ni Aisha, binti yetu. Mwezi Mei alitimiza miaka 16, na ziara ya kupita chini ya Magic Kingdom, ile bustani ya michezo na maonyesho ya kampuni ya Disney huko Florida, yenye kasri, hairuhusu mtu chini ya umri huo. Alikuwa akiisubiri tangu yuko shule ya msingi, aliposikia kwamba chini ya bustani kuna mahandaki. Nilipiga chenga kwa muda kwa sababu ya gharama. Halafu nikasikia kwamba katika bustani yao nyingine, Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna kijiji kinachoitwa Harambe kilichojengwa kwa kuiga Lamu. Jioni ile ile nikatoa kadi ya benki.

Jumatano, 26 Juni 2024: Marietta hadi Kissimmee

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, na mahamri na mbaazi kwenye sanduku la barafu. Njia ni nyepesi kuielezea: shika barabara kuu ya I-75 kuelekea kusini, usiiache mpaka Wildwood, Florida, kisha ingia Turnpike, barabara ya kulipia. Kama maili 450. Kati ya Macon na Tifton hakuna cha kusimulia ila misonobari na mabango ya mawakili.

Karibu na Valdosta usukani ukaanza kuvuta kulia. Pancha. Nilitoka kwenye barabara kuu, nikasimama kando ya kibanda cha mbao, nikafungua buti na kugundua kwamba jeki ipo ila mkono wake haupo. Kibandani alikuwepo mzee wa Kizungu mwenye kofia ya majani, sufuria mbili kubwa zikichemka mbele yake. Alitutazama dakika moja hivi, akazima moto, akaenda kwenye pikapu yake na kurudi na jeki ya kumtosha kifaru. Matamshi yake ya kusini yalinishinda nusu, lakini mikono yake ilieleweka. Dakika ishirini, tairi la akiba liko mahali pake. Pesa alizikataa kwa kutikisa kichwa tu.

Basi tukanunua alichokuwa akiuza, mifuko miwili kwa dola 10. Njugu za kuchemsha na maganda yake, zimelowa maji ya chumvi, zingali moto. Aisha alimenya moja, akaitafuna polepole, akasema, "Baba, hizi ni zile za Nyanya." Ni zile zile. Nimeishi Georgia miaka kumi na minne na sikuwahi kusimama kwenye kibanda kimoja cha njugu hizi, kumbe huku kusini zimejaa barabarani.

Tairi jipya Valdosta: dola 118 na saa mbili na nusu za kukaa kwenye kiti cha plastiki.

Kwa atakayepita njia hii: Turnpike inatoza ushuru. Kama una Peach Pass ya Georgia, kile kifaa cha garini cha kulipia ushuru wa barabara, inafanya kazi Florida, usinunue nyingine. Na jaza mafuta kabla ya kuufikia ukanda wa hoteli, bei inapanda kadiri unavyokaribia kasri.

Tulilala Kissimmee, kwenye moteli moja ya barabara ya 192. Mtandaoni ilikuwa dola 74 kwa usiku. Mezani wakaongeza 18 kwa kila usiku, "ada ya huduma". Huduma yenyewe ilikuwa bwawa la kuogelea lisilo na maji. Uliza jumla kabla hujatoa kadi.

Alhamisi, 27 Juni: chini ya kasri

Maegesho tulilipa dola 30. Usidhani ukiegesha umefika. Pale ni kituo tu, na bustani iko ng'ambo ya ziwa. Unavuka kwa treni ya reli moja iliyo juu au kwa feri. Aisha alitaka treni. Nikamwambia mtu wa Lamu haachi chombo cha majini akapanda kitu kingine, tukaingia feri. Inakwenda taratibu kama ya Likoni isipokuwa hakuna mikokoteni wala anayekukanyaga. Kasri lilianza kuonekana dogo juu ya miti, likawa linakua.

Lile ziwa, tuliambiwa baadaye, ndilo ufunguo wa ziara nzima. Florida ukichimba kidogo tu maji yanatoka, kwa hiyo handaki la chini ya ardhi halikuwezekana. Wajenzi wakalijenga handaki juu ya ardhi kama jengo la kawaida, wakachimba ziwa mbele yake, na udongo wa ziwa wakaumwaga kulizunguka na kulifunika. Bustani ikakaa juu. Yaani ukitembea kwenye barabara kuu ya Magic Kingdom, uko ghorofa ya kwanza, na wale walio chini ndio waliokanyaga ardhi ya Florida. Nilisimama pale nikatazama miguu yangu. Miaka yote nafanya ujenzi, sijawahi kutembea juu ya paa nisijue.

Ziara ni ya saa tano, na tulilipa zaidi kidogo ya dola 120 kila mtu, juu ya tiketi ya kuingilia ambayo ni lazima uwe nayo. Bei hubadilika kwa tarehe. Chukua kitambulisho, wanakagua umri. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Chakula cha mchana kimo ndani ya bei. Sisi tulichagua samaki, maswali ya halali yakaishia hapo.

Tulikuwa watu kumi na wanane, kila mmoja na kisikilizio sikioni. Mwongozaji alikuwa mama wa makamo, beji kifuani ina jina na mji alikotoka, kama wafanyakazi wote wa pale. Kitu cha kwanza alichotufundisha ni kuonyesha njia kwa vidole viwili au kiganja kizima, kwa sababu kidole kimoja ni matusi kwa baadhi ya watu. Nikacheka peke yangu. Bibi yangu alinichapa kwa kosa hilo hilo.

Madirisha ya ghorofani kwenye barabara kuu yana majina, unaweza kudhani ni ya maduka. Ni majina ya watu walioijenga bustani. Walt Disney mwenyewe alifariki Desemba 1966 kabla ya kuiona. Kaka yake Roy aliahirisha kustaafu, akaifungua Oktoba 1971, na Desemba hiyo hiyo akafa.

Kasri lina urefu wa futi 189 na halina tofali hata moja. Ni chuma, saruji na faibaglasi. "Mawe" ya chini ni makubwa na ya juu yanapungua, ili jicho lidanganyike lione urefu usiokuwepo. Nilimwambia Aisha babu yake angekataa kulipa.

Kisha tukapanda boti za msituni, zile zinazopita "Nile" na "Kongo" katika dakika kumi. Kila boti ina jina, mojawapo ni Nile Nellie, na sitaki kueleza nilivyoomba tupangiwe hiyo. Hatukupangiwa. Maji yametiwa rangi ili usione chini, kwa sababu chini kuna reli. Nahodha anashika usukani wa maonyesho. Anachoongoza ni mwendo na mizaha. Zamani palikuwa na sanamu za Waafrika waliofanywa kichekesho. Mwaka 2021 zile taswira ziliondolewa, na ningali najiuliza zilikaaje miaka hamsini. Kwenye nyumba ya mizimu tulielezwa kwamba usafi unafanywa kila siku, halafu vumbi na utando wa buibui vinarudishwa kwa mkono. Hapo nikaanza kuandika kwa bidii: watu wanaolipwa kutia vumbi.

Halafu mlango. Mlango wa kawaida kabisa, tulishaupita asubuhi bila kuuona. Simu zote mifukoni, picha marufuku. Ndiyo maana sehemu hii ni ya daftari peke yake.

Ukishuka, muziki unakatika kama umezimwa redio. Saruji ya kijivu, taa nyeupe, mistari ya rangi ukutani kukuonyesha uko chini ya sehemu gani ya bustani. Eka 9 za korido. Vigari vya betri vinapita vikipiga honi, maana moshi wa mafuta hauruhusiwi humo. Juu ya vichwa yamepangwa mabomba, na moja nene likanguruma ghafla kama mvua ya mawe kwenye bati. Wote tuliinama. Ni takataka. Mapipa ya juu yanamwagwa kwenye mtambo uliobuniwa Sweden, hewa inazifyonza hadi mwendo wa maili 60 kwa saa na kuzitoa nyuma ya bustani. Aisha alinong'ona, "Baba, hata taka zao zinapanda treni."

Inasimuliwa kwamba wazo la mahandaki lilitokana na Walt Disney kumwona, kule California, mfanyakazi aliyevaa kama mchunga ng'ombe wa zamani akikatiza sehemu iliyojengwa kuwa ya wakati ujao. Likamkera. Hapa kila mtu anatokea chini mahali panapomhusu.

Lakini kilichobaki kwangu si mabomba. Ni dada mmoja mwenye gauni la kifalme, ameliinua kwa mkono mmoja, raba za kukimbilia miguuni, mkono wa pili una kikombe cha tambi za maji ya moto. Ni mtu mzima ambaye zamu yake haijafika nusu. Uso ule naujua. Ni wa mke wangu anaporudi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Alituona, akatabasamu mara moja lile tabasamu la juu, akapita, na nilipogeuka lilikuwa limeshaondoka. Aisha pia aligeuka. Hakusema kitu mpaka tuko nje.

Alasiri mvua ya Florida ilitushukia bila salamu. Mama mmoja wa Puerto Rico aliyekuwa na watoto watatu alifungua mkoba akampa Aisha koti la plastiki, akasema ana mengine. Wafanyakazi nao walinisaidia kupata kona tulivu ya kuswali, nikajumuisha adhuhuri na alasiri kama msafiri. Kote tulikopita watu walikuwa wanazungumzia mchezo mpya wa majini wa Tiana, binti mfalme wa filamu ya Disney, uliokuwa ufunguliwe kesho yake. Sisi kesho yetu ilikuwa Harambe.

Kwa atakayekwenda mwezi wa sita: makoti ya mvua nunua kwenye supamaketi kabla hujaingia.

Ijumaa, 28 Juni: Harambe

Jina kwanza. Kwetu ni harambee, e mbili, na hapa moja imeanguka njiani. Ukivuka daraja unakuta maandishi ya Uhuru na mwaka 1961. Katika hadithi yao Harambe ni mji wa pwani ya Waswahili uliojipatia uhuru mwaka huo. Ungekuwa Tanganyika, sawa. Kenya tulingoja hadi 1963. Kila mfanyakazi anakusalimu "Jambo!" na wageni wanamjibu "Jambo!" Nikajibu "Sijambo," kijana wa watu akaganda.

Baada ya hapo nikanyamaza, kwa sababu niliona ukuta.

Uko upande wa ngome, kwenye kipande cha kivuli. Lipu ya rangi ya maziwa yaliyochacha, imebanduka kiasi cha sahani, chini yake yanaonekana mawe ya matumbawe. Chini, karibu na ardhi, kuna ile alama ya chumvi inayopanda, ya kijani ikigeuka nyeusi. Pembeni mstari wa kutu umeteremka kutoka kwenye ndoano ya chuma. Nimezaliwa nyuma ya ukuta huu. Harufu yake naijua, na nilipousogelea nikanusa, haikuwepo. Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Matumbawe yakigongwa hunyamaza. Huu ulijibu kwa sauti ya ngoma, wazi ndani.

"Baba, watu wanatuangalia," Aisha akasema.

Aliyekuwa akituangalia ni mzee mwenye ufagio, beji yake inasema Haiti. Nilimweleza kwa Kiingereza chetu cha wageni kwamba nimetoka mji ulioigwa. Akaegemea ufagio. Akasema ndani ni wavu wa chuma na saruji ya kupulizia, inachongwa ikiwa mbichi, kisha wenye brashi wanakuja. Usiku, bustani ikiwa tupu, mafundi wa rangi huzunguka, na mahali uzee ulipofifia wanautia upya. "Mimi nafagia uchafu," akasema, "wao wanaupaka." Tukacheka sote wawili mpaka akaitwa upande wa pili.

Si kila kitu ni Lamu. Mapaa ya nyasi yaliezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini, na kazi yao ni safi mno, imebanwa kama nywele zilizochanwa. Kwetu ingekuwa makuti. Milango haina nakshi ya kutosha, na hakuna punda hata mmoja, jambo ambalo mtu wa Lamu hawezi kulisamehe. Ila yule aliyetia kutu chini ya ile ndoano alikaa pwani akatazama. Hilo siwezi kumnyang'anya.

Kahawa na andazi la mdalasini kwenye duka linaloitwa Kusafiri: dola 11. Tulikula mahamri yaliyobaki, yakiwa magumu tayari.

Ziara ya siku hii ilikuwa ya ndovu, saa moja, dola 45 hivi kwa mtu, na weka nafasi mapema kwa sababu vikundi ni vidogo. Unachukuliwa kwa basi dogo kupita nyuma, ambako kuna malori, marobota ya nyasi na majengo yaliyopakwa kijani cha kujificha, hadi ukingo wa eneo lao. Ndovu wako ng'ambo, mbali kiasi cha mita thelathini. Unaruhusiwa kuwapiga picha wao, si majengo.

Walikuwepo watu wawili, mtunzaji wa wanyama na dada kutoka Afrika Kusini, ambaye kazi yake ilikuwa kueleza maisha ya watu wanaoishi na ndovu. Wakatuuliza ndovu anaogopa nini. Wote: panya! Nikasema nyuki. Dada akanigeukia, "Wewe umetoka wapi?" Mjomba wangu aliwahi kufanya kazi Voi, na kule Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, wakulima wametundika mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Nilichokuwa sikijui ni kwamba watafiti wa bustani hii walishiriki katika utafiti uliotoka mwaka 2010, uliofanywa Kenya, uliothibitisha kwamba ndovu akisikia nyuki hutoa mngurumo maalumu wa kuwaonya wenzake. Aisha aliandika hili mwenyewe kwenye daftari langu, kwa Kiswahili, na tahajia nimeiacha ilivyo: "ndovu ana neno ya nyuki."

Tukamalizia na lori la ziara iitwayo Kilimanjaro Safaris, eka 110 za mbuga. Twiga ni wa kweli. Mibuyu mikubwa si ya kweli. Na barabara! Inarusha, ina mashimo, matope yamekauka na alama za matairi. Nilichungulia nje ya lori: ni saruji, imetiwa rangi ya udongo, na ikiwa mbichi wakapitisha matairi, wakakandamiza mawe na vijiti ndani. Barabara mbovu iliyochorwa na wahandisi. Kwetu tunaipata bila ramani.

Jumamosi, 29 Juni: kurudi

Saa tisa, pamoja na foleni ndefu kabla ya Macon. Tulipitia Valdosta makusudi na kifurushi cha tende kwa ajili ya yule mzee. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Tulimwachia juu ya sufuria iliyofunikwa, na karatasi ambayo Aisha aliandika.

Jumla ya watu wawili, tiketi, ziara zote mbili, moteli, mafuta, maegesho, chakula na lile tairi: dola 1,650 na ushei. Ukitaka kupunguza, acha siku ya pili ya tiketi. Mimi ningeacha ya kwanza, lakini sikuulizwa.

Usiku nilimtumia baba picha sita za ule ukuta kwa WhatsApp, bila maelezo, nikaandika tu, "Shikamoo baba, nipe maoni." Lamu ilikuwa asubuhi. Sauti yake ilikuja baada ya robo saa, nyuma yake punda analia.

"Marahaba. Madoa ni mazuri, huyu ametazama. Lakini ufa si ufa. Ufa wa kweli huanzia pembeni mwa dirisha, ukashuka kufuata uzito. Huu umeanzia katikati, hapana kinachoubana. Na hizo boriti hazikuingia ukutani, zimekatwa zikabandikwa. Ni nyumba ya nani? Na mvua ikija, hilo doa halifutiki?"

Nimemweleza hilo la usiku na brashi. Hajaamini bado.